Kiazi kwa Orrin Stadler

Kaka yangu Emil Hudak ni mtu wa juu. Sisemi cheo, cheo hakuwahi hata kukinusa. Nasema juu kwenyewe, karibu na mawingu. Tulipokuwa watoto, ukimtafuta ungemkuta kwenye paa la banda la makaa, na mama alishazoea kumwita huku ametazama angani. Siku ya kuandikwa kazi kiwandani walimuuliza anataka idara gani, akaonyesha dari. Wakampa kreni, ile inayotembea juu ya reli ikibeba sufuria za chuma kilichoyeyuka, akakaa kule ndani ya kibanda chake cha vioo mpaka nywele zikaanza kumhama. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Nilisimama mlangoni nikimwona kwa mbali anaelea ndani ya moshi mwekundu, hana habari na dunia, na sahani inapoa mkononi mwangu.

Mtu akizoea kukaa juu peke yake huwa mwotaji. Tabia hiyo ya kaka yangu nimegombana nayo maisha yangu yote. Unamweleza bomba linavuja, yeye anatazama ukungu wa mtoni dirishani na kukujibu, "Mila, umeona leo ng'ambo haipo?" Ng'ambo ipo, Emil, na bomba linavuja. Lakini nilipofiwa na mume wangu nikahamia ghorofa ya juu ya nyumba yao, ni huyo huyo mwotaji aliyekuwa akipanda ngazi kila asubuhi, anagonga mlango mara moja, akinisikia nimekohoa anashuka zake bila neno. Nampenda kuliko ninavyomwonyesha.

Kiwanda kilipofungwa alishushwa kama walivyoshushwa wote, akamalizia kazi kwa kufagia korido za shule. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba huku chini watu wanaongea sana. Kutoka enzi zake za juu alibaki na vitu viwili: mke wake Irene, na mpira mmoja uliorushwa na Orrin Stadler.

Sasa huyo Stadler, vijana hawamjui, na wakubwa wengi wamejitahidi kumsahau. Alikuwa mrushaji wa timu ya jijini enzi ambazo timu yetu ilikuwa ya kuchekwa. Katika mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kubeba mkononi, mrushaji ndiye kichwa: anapewa mpira, majitu yanamjia kumponda, naye kufumba na kufumbua awe ameshaamua aurushe kwa nani. Akishinda ni mfalme. Akishindwa, hata watoto wa jirani yake wanamzomea. Stadler alishindwa sana. Hakuvaa pete ya ubingwa hata moja, goti lake likaisha mapema, akaenda zake. Kule Canton, kwenye ukumbi wanakochongewa magwiji vichwa vya shaba, hakuna aliyeinua kidole kwa ajili yake.

Lakini na sisi tuna ukumbi wetu, chini ya kanisa.

Ijumaa za Kwaresima mji mzima huja kula samaki kwetu, na samaki hawajikaangi. Sisi wanawake tunakaa meza ya dirishani tunakunja pierogi: unaweka viazi na jibini katikati ya kiduara cha unga, unakunja, unafinya ukingo kwa vidole mpaka ufungike, unaweka kando, unashika nyingine. Wanaume wanamenya viazi na vitunguu meza ya pili, na kwa kuwa mwanaume mikono ikishughulika mdomo nao unataka kazi, wanabishana. Siasa hapana, Padri alishapiga marufuku. Wanabishana juu ya warushaji waliostaafu: nani gwiji, nani alibahatisha, nani alibebwa na wenzake, nani kachongewa kichwa Canton kwa ajili ya sura yake. Mvuke unapanda kutoka kwenye masufuria, vioo vinafunga ukungu, na majina ya watu waliocheza zamani yanapita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa. Kuna wakati nasahau ni mwaka gani. Nasikia mtu anatajwa, naona theluji, namwona baba yetu na kofia yake ya kazi.

Mrushaji akikubalika, jina lake huandikwa kwenye mlango wa stoo, upande wa ndani, juu ya magunia ya unga. Ukumbi wenyewe ndio huo. Wako wenye shaba Canton ambao mlango wetu umewakataa, na wako waliokataliwa Canton ambao sisi tunawaona kila tukienda kuchota chumvi.

Sheria zilitungwa na marehemu baba zetu, na mlinzi wake sasa ni Clem Yurick, mkaanga samaki, mtu mnene, mpole, asiyecheka. Ijumaa ya mwisho kila mwanaume hupitisha mkono chini ya taulo na kutumbukiza kura yake kwenye sufuria. Kiazi ni ndiyo, kitunguu ni hapana. Wakishahesabu, kura zote zinapikwa supu, ili asiwepo wa kuanza kuchunguza nani kamkataa nani. Na mtu hutetewa Kwaresima tatu tu. Akikataliwa ya tatu, jina lake limefungwa. Halitajwi tena mezani, wala popote, na mtetezi wake haruhusiwi kulitamka hata nyumbani kwake, mpaka siku ya kuzikwa. Wazee walisema bila hivyo watu watauana kwa visu vya viazi. Unaweza kucheka, lakini mimi namkumbuka mzee Kovalik. Jina la mtu wake lilifungwa nikiwa bado mchumba wa watu, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akafa hajalitamka.

Emil alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Mwaka huu ulikuwa wa tatu.

Hadithi yake ya Stadler nimeisikia mpaka naweza kuisimulia usingizini. Enzi hizo mechi ya nyumbani haikuonyeshwa kwenye televisheni za nyumbani, wenye timu walitaka watu wanunue tiketi. Kwa hiyo aliyetaka kuona aliielekeza antena yake mji wa mbali, nyuma ya milima, akaiba picha yao. Antena ilikuwa juu ya paa, na kwetu mtu wa paa alikuwa nani? Emil na Irene walikuwa wameoana juzi juzi tu. Redio baba alikwenda nayo zamu. Basi Emil akapanda na theluji yote ile, akashika nguzo ya antena kwa mikono miwili, Irene akabaki ndani akimwelekeza kupitia dirishani: zungusha, rudisha, hapo hapo. Akishika, picha inakuja. Akiachia, chenga. Akakaa huko kipindi chote cha pili, mechi akiisikia kwa sauti ya mke wake.

Na mwishoni kabisa, timu ikiwa nyuma, Stadler akarusha.

"Alikuwa anarudi nyuma," Emil husimulia, na kiazi kinasimama mkononi. "Akateleza. Goti likakaribia kugusa tope, halikugusa. Kila mtu akajua amekwisha. Akainuka. Akatazama kushoto, na wote wakatazama kushoto. Akarusha kulia, bila kutazama. Mpira ukapanda, jamani. Ukapanda mpaka ukaingia kwenye ukungu juu ya taa, ukapotea. Uwanja mzima kimya. Maelfu ya watu wamenyamaza wanasubiri mpira urudi. Halafu ukashuka, polepole, mikononi mwa mtu aliyekuwa anakimbia hata hajageuka."

Akifika hapo hunyamaza, na wenzake wote hunyamaza, hata wale ambao watakwenda kutia kitunguu. Ukimuuliza alionaje na yeye alikuwa juu ya paa, atakujibu, "Irene aliona, mimi nilisikia. Ni kitu kimoja." Gazeti la Jumatatu liliandika pasi ya Stadler kuwa ndefu kuliko zote za mwaka ule. Kwa Emil huo ulikuwa muhuri.

Basi Ijumaa ya mwisho ikafika. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala mtoni, mvua ndogo, watu wenyewe wazito. Nilikaa karibu na wifi yangu Irene kama kawaida. Irene ni mtu mdogo wa umbo, maneno yake machache, na vidole vyake vinafinya pierogi tatu wakati mimi bado nahangaika na ya kwanza. Meza ya pili Regis Donatelli alikuwa ameshaanza.

Regis alikuwa dereva wa basi, ni rafiki wa Emil tangu shule, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa.

"Pete ngapi?" Regis aliuliza.

"Pete nenda kwa sonara."

"Jibu swali, we mzee. Mtu wako ana pete ngapi?"

"Sifuri. Unajua ni sifuri."

"Mmesikia wenyewe!" Regis akainua kisu cha kumenyea. "Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Na huyu wa kwako hata hiyo jana hakula!"

Meza ikaangua kicheko. Emil hakucheka. Aliendelea kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Mcheza kwao hutunzwa, Regis. Yule alicheza kwetu. Alicheza kwenye tope letu, wanaomtazama ni watu waliotoka zamu na vumbi masikioni, wana kesho yao mbaya inawasubiri. Akawafanya wasahau kesho. Hao wenye pete zako nani aliwafanya wasahau nini?"

"Walishinda!"

"Kushinda kunaisha Jumatatu."

"Kwa hiyo mtu aandikwe mlangoni kwa mpira mmoja?"

"Kwa mpira mmoja," Emil alisema. "Wewe umeendesha basi maisha yako yote. Nitajie safari moja tu ambayo kuna mtu anaikumbuka."

"Aaah! Kapatikana!" wakapiga kelele, wengine wanagonga meza. Regis akawa mwekundu mpaka shingoni. Nadhani pale kaka yangu alizidisha, na nadhani bila neno lile mambo yangekwenda vingine. Regis alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, akatoa simu.

"Sikutaka tufike huku," alisema. "Mkwe wangu kanitafutia filamu. Ya timu yenyewe, ile waliyokuwa wanajipigia ili makocha waitazame. Mechi nzima ipo. Na pasi ipo."

Miaka yote hiyo hakuna aliyefikiri kwamba pasi ile ipo mahali, kwamba mtu anaweza kuitazama. Tulikuwa tumeizoea ikiwa kwenye mdomo wa Emil tu.

"Nionyeshe," Emil alisema, na uso wake ulifunguka kama wa mtoto. Ndicho kilichoniuma baadaye. Alifurahi.

Waliiegemeza simu kwenye chupa ya siki. Wazee wakainama, miwani inapandishwa, inashushwa, "sogea bwana, kichwa chako si kioo." Na sisi wanawake tukaacha unga tukaenda kuchungulia. Irene peke yake alibaki. Nilipogeuka kumwita nilimwona anafinya pierogi ambayo ilishafungwa, anafinya tu, mpaka viazi vikaanza kutokea ubavuni.

Filamu haikuwa na sauti wala rangi. Ilipigwa kutoka juu sana, watu wakiwa wadogo, weusi kwenye theluji, wanatawanyika na kukusanyika bila kishindo. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Ilikuwa kama kutazama ndoto ya mtu mwingine kupitia tundu la ufunguo. Kisha Regis akasema, "Huyo hapo," na tukamwona Stadler anapewa mpira.

Hakuteleza. Hakutazama kushoto. Alipiga hatua moja nyuma, akamrushia mwenzake aliyesimama karibu naye, vile unavyomrushia mtu funguo akiwa mlangoni. Huyo mwenzake ndiye aliyekimbia. Alikimbia, akampita mmoja, akampita mwingine, wakaanguka nyuma yake, akaenda uwanja mzima peke yake. Ukungu haukuwepo. Jua lilikuwa limewaka, na kila mchezaji alikuwa na kivuli chake kwenye theluji.

Mtu akirusha karibu na mpokeaji akakimbia mbali, gazeti humwandikia mrushaji umbali wote. Wanaume wote pale wanaijua hesabu hiyo tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifikiria.

"Siyo hii," Emil alisema.

"Tarehe hiyo hapo, bwana. Matokeo hayo hapo."

"Umeleta mechi nyingine."

"Emil, kusikia si kuona. Wewe ulikuwa juu ya paa."

"Mke wangu hakuwa juu ya paa! Mke wangu aliona kwa macho yake!" Alikuwa amesimama, na kisu bado anacho. "Unataka kusema Irene ni mwongo? Sema, Regis. Sema mbele yangu."

"Mimi shemeji sijamtaja kabisa..."

"Kisu chini, Emil," Clem alisema kutoka kwenye jiko la kukaangia.

Emil akaweka kisu. Akageuka kwenye meza ya dirishani. "Irene. Waambie."

Watu wote tukamtazama. Niseme wazi, moyoni nilikuwa namwomba adanganye. Sema uliona, wifi. Sema filamu ya mtu ni filamu na macho yako ni macho yako. Nani angekubishia, mama mzima mwenye unga mikononi? Kaka yangu anakaribia miaka themanini, mwachieni huo mpira afe nao.

Irene akaiweka chini ile pierogi iliyopasuka.

"Sikuona kitu, Emil."

"Uliona. Ulinisimulia."

"Picha ilishakatika. Robo ya mwisho yote ilikuwa chenga tupu."

"Ulikuwa unasema hapo hapo, nisisogee."

"Kwa sababu kila ukisogea ulikuwa unateleza." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini tulimsikia wote, hata mafuta nadhani Clem aliyapunguzia moto. "Mimi televisheni nilishaacha kuitazama. Nilikuwa natazama viatu vyako, vilionekana pale juu ya dirisha. Barafu ilikuwa imefika mpaka ukingoni mwa paa. Nikikwambia picha imekatika ungezidi kwenda ukingoni kuitafuta, nakujua. Nikawasikia majirani, akina Horvath, ng'ambo ya ukuta wanapiga kelele, wao walikuwa na redio. Nikajua tumefunga. Nikasema, nikimpa kitu kizuri atashuka."

"Kwa hiyo ukatunga. Vyote vile?"

"Ulikuwa huridhiki! Nikasema amerusha, ukauliza alisimama vipi. Nikasema ameteleza, kwa kuwa wewe ndiye niliyekuwa nakuona unateleza. Ukauliza mpira umekwenda wapi. Nikatazama nje, ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Nikasema umepotea humo."

Emil akakaa. "Na ukarudi," alisema, taratibu.

"Wewe ulikuwa unashuka ngazi wakati huo," Irene alisema. "Ndiyo nikasema umerudi."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Regis alizima simu akaitia mfukoni kana kwamba imemchoma. "Jamani, tuiahirishe," alisema. "Mwaka mwingine. Mimi sina haraka. Clem, sheria si inaruhusu mgonjwa?"

"Nani mgonjwa?" Clem akauliza.

"Mimi. Najisikia vibaya."

"Hakuna kuahirisha," Emil alisema. Kisha akaanza kucheka, si kicheko cha uchungu, kile chake cha zamani cha kutoka tumboni, mpaka akafuta macho kwa mkono wenye wanga wa viazi. "Miaka yote hiyo! Nimewatukana nyinyi, nimemtukana Regis, nimewatukana wa Canton. Namtetea mtu ambaye hakufanya kitu. Stadler alirusha mpira wa kawaida, mzuri, wa kawaida. Ule mwingine alirusha Irene."

"Basi tumwandike Irene!" mtu mmoja akapaza sauti, na wengine wakaitikia, "Irene! Irene!" wakigonga masufuria.

"Thubutuni," wifi yangu akasema, "halafu mwakani pierogi mfinye wenyewe."

Kelele zikafa palepale. Clem akaleta sufuria na taulo. Kila mmoja akapitisha mkono. Regis, ambaye alishatia vitunguu viwili miaka iliyotangulia na kutangaza kwa sauti, safari hii aliweka mkono chini ya taulo muda mrefu, na alipokaa, kile kiazi kikubwa alichokuwa amekimenya hakikuwepo tena mbele yake. Emil alikuwa wa mwisho. Hakutumia taulo. Alilifunua, akachukua kitunguu, akakiinua wote wakione.

"Siwezi kumwandika mtu mlangoni kwa jasho la mke wangu," alisema, akakiachia.

Vitunguu vilizidi kwa kimoja.

Clem alitamka maneno ya baba zetu, kwamba jina limefungwa, lisitajwe. Emil akaitika kwa kichwa. Watu wakaja kula samaki, mlango ukawa unafunguka na kufungwa, watoto wanalia, sinia zinapita. Supu ilikuwa na kitunguu kingi na hakuna aliyeisifu. Mara mbili nilimwona kaka yangu amesimama na kitambaa mkononi anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilimwonea uchungu, nikamkasirikia Regis, nikamkasirikia Irene pia kwa ukweli wake, mtu aliyeweza kukaa na uongo mtamu tangu tukiwa wasichana, angeshindwaje kukaa nao siku moja zaidi?

Tulirudi kabla giza halijaingia. Kwetu ni juu mlimani, na njia ni ngazi za saruji zenye chuma cha kushikilia, zimepinda kati ya nyumba. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, umeshameza reli, umemeza kiwanda kilichobaki mifupa, unakuja nyuma yetu ngazi kwa ngazi. Emil mbele, Irene nyuma yake, mimi nyuma yao na beseni la pierogi zilizobaki.

Katikati ya ngazi kuna mahali pa kupumzikia, mto wote unaonekana kutoka pale. Kila mwaka, tukitoka kwenye samaki, kaka yangu husimama hapo. Hushika chuma, hutazama chini, husema, "Siku ile, Orrin alikuwa..." na mimi humwambia Emil twende, miguu inaniuma. Safari hii pia alisimama. Alitazama mto. Akafungua mdomo, nikaona kabisa jina linafika kwenye meno. Akaufunga.

Sijawahi kuona kitu kizito kama mdomo ule ulivyofungwa. Nilimkumbuka mzee Kovalik. Ningetoa chochote nimsikie anaanza ile hadithi yake ya kuchosha.

"Alikuwa anarudi nyuma," Irene alisema.

Emil akageuka. "Irene. Sheria."

"Sheria ya wamenya viazi. Mimi nimewahi kumenya kiazi pale?"

"Jina halitajwi."

"Nani kataja jina? Nimesema alikuwa anarudi nyuma." Alipanda ngazi moja, akasimama karibu naye, akatazama huko huko mtoni. "Theluji ilikuwa nyingi kuliko nilivyokwambia. Akateleza. Mguu wa kulia, sio wa kushoto, siku ile nilikosea. Mimi moyo ukasimama."

Emil alikuwa amekishika kile chuma kwa mikono miwili, anataka kumgeukia, kiatu kikamteleza kidogo kwenye saruji ya maji.

"Usisogee," Irene alisema. "Hapo hapo."

Akatulia. Akafumba macho.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu akainuka. Akatazama kushoto, na watu wote wakatazama kushoto, akarusha. Ukapanda, Emil. Ukaenda juu sana."

Ukungu ulikuwa umetufikia, ng'ambo ilishapotea, na mimi niliweka beseni langu chini kwenye ngazi, nikatazama juu pamoja nao.